Onyo Lisilotaja Hasara: Uhakiki wa Lugha ya Kompaila Kuhusu Aina za Vielekezi katika C

Ikisiri

Makala hii inahakiki ujumbe ambao kompaila ya lugha ya C humpa mwandishi wa programu pale aina za vielekezi zisipopatana. Ujumbe huo unachukuliwa kuwa matini kamili yenye mzungumzaji, msomaji na lengo. Kwa kuongozwa na kanuni ya ushirikiano ya Grice, makala inaonesha kwamba ujumbe wa kompaila ya GCC hutaja kanuni iliyovunjwa lakini hunyamazia hasara inayofuata, na mara nyingine hudokeza dawa inayoficha ugonjwa. Makala inahoji kwamba tafsiri ya Kiswahili ya neno kwa neno ingerithi udhaifu huo na kuuongezea mwingine wa upatanisho wa ngeli. Mwishoni panapendekezwa muundo wa sentensi unaoheshimu sarufi ya Kiswahili na haki ya msomaji ya kujua anaonywa kuhusu nini.

1. Utangulizi

Tafiti za istilahi za TEHAMA katika Kiswahili zimejishughulisha kwa kiasi kikubwa na majina: kompyuta iitweje, faili liitweje, intaneti iandikweje. Kazi hiyo imezaa matunda. Mwaka 2004, kwa mfano, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi yenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo, menyu ni orodha ya maneno mafupi: fungua, hifadhi, chapa. Zipo sehemu za kompyuta ambamo mashine haitoi orodha bali husema sentensi nzima, tena sentensi ya kukosoa. Mojawapo ni ujumbe wa kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo ulioandikwa na binadamu kuwa maagizo yanayotekelezwa na mashine.

Makala hii inachagua aina moja ya ujumbe huo: maonyo kuhusu aina za vielekezi katika lugha ya C. Kielekezi ni kigeu ambacho thamani yake ni anwani ya mahali fulani katika kumbukumbu ya kompyuta. Aina ya kielekezi huieleza kompaila mambo mawili: baiti ngapi zisomwe kuanzia kwenye anwani hiyo, na baiti hizo zifasiriwe vipi. Anwani yenyewe haisemi lolote kati ya hayo. Mtu aliyepewa namba ya nyumba bila kuambiwa kama anakwenda kwenye ghala au kwenye zahanati atafika, lakini hatajua la kufanya akishafika.

Neno “kielekezi” limechaguliwa hapa badala ya “kiashiria” kwa sababu mbili. Kwanza, “kiashiria” limekwishazoeleka katika tafiti za jamii na uchumi kwa maana ya kipimo, na wingi wake, “viashiria”, haukosekani katika ripoti za sera. Pili, kitenzi “-elekeza” hukubali kwa urahisi kijalizo cha mahali: kielekezi huelekeza kwenye kitu. Uhusiano huo wa kitu kimoja kuelekeza kwenye kingine ndio kiini cha dhana.

Nadharia inayoongoza uhakiki huu ni ile ya H. P. Grice ya mwaka 1975, inayodai kwamba mazungumzo yenye ushirikiano huongozwa na kanuni za kiasi, ukweli, uhusiano na namna. Msemaji hutarajiwa kutoa taarifa ya kutosha, ya kweli, inayohusiana na shughuli iliyopo, kwa namna iliyo wazi. Kompaila haina nia kama binadamu, lakini ujumbe wake uliandikwa na binadamu kwa ajili ya binadamu wengine. Kwa hiyo ni halali kuupima kwa vipimo vya mazungumzo.

2. Chimbuko la onyo

Ili kuelewa kwa nini C huonya mahali ambapo lugha nyingine hukataa, ni lazima kurejea historia yake. C ilitengenezwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilichipuka kutoka lugha ya B, ambayo haikuwa na aina za data: kila thamani ilikuwa neno moja la mashine, na anwani haikutofautishwa na namba ya kawaida. Ujio wa kompyuta ya PDP-11, ambayo kila baiti yake ilikuwa na anwani, ulidhihirisha upungufu wa mfumo huo. Ritchie akaongeza aina, lakini mazoea ya kuchanganya anwani na namba hayakufutika kwa siku moja, na msimbo mwingi ulikwishaandikwa kwa mazoea hayo.

Mwaka 1978, Stephen Johnson wa maabara hizohizo alieleza programu aliyoiita lint, iliyokagua msimbo wa C kwa ukali zaidi kuliko kompaila. Mgawanyo huu wa kazi una maana kubwa. Kompaila iliachiwa jukumu la kutafsiri kwa haraka, na ukaguzi wa upatanifu wa aina ukawa kazi ya chombo cha pembeni kilichoitwa pale tu mwandishi alipotaka. Ukosoaji ukawa jambo la hiari.

Sanifu ya kwanza ya C ilipopitishwa Marekani mwaka 1989, iliweka wazi kwamba kukipa kielekezi cha aina moja anwani ya aina nyingine isiyopatana nayo, bila kubadili aina kwa agizo la wazi, ni kuvunja sharti la lugha. Sanifu iliitaka kompaila itoe ujumbe pale sharti linapovunjwa. Haikusema ujumbe huo uwe onyo au kosa, wala haikuilazimisha kompaila kusimama. Tofauti kati ya “nimekuonya, endelea” na “siendelei” iliachwa mikononi mwa watengenezaji. GCC, kompaila iliyoanzishwa na Richard Stallman na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1987, ilichagua onyo. Programu ikaendelea kuzaliwa hata pale sharti lilipovunjwa.

Uchaguzi huo ulidumu hadi Mei 2024. Toleo la GCC 14 liligeuza kundi la maonyo ya zamani kuwa makosa, yakiwamo yale ya vielekezi visivyopatana na yale ya kuchanganya namba kamili na kielekezi. Kwa mtaalamu wa lugha, tukio hilo linasomeka kama kukiri kushindwa kwa balagha. Kwa miaka 35 baada ya sanifu, ujumbe ulijaribu kumshawishi msomaji. Aliposhindwa kushawishika, nguvu ikachukua nafasi ya maneno. Swali la uhakiki ni hili: je, maneno yenyewe yalikuwa na nafasi ya kushawishi?

3. Ujumbe wa kwanza: aina mbili zisizotajwa

Msimbo ufuatao ni mfupi kiasi cha kutosha kuonesha tatizo:

double x = 3.5;
int *p;
p = &x;

Kigeu x kina namba yenye desimali, iliyohifadhiwa katika baiti 8 kwenye kompyuta nyingi za leo. Kielekezi p kimetangazwa kuwa cha int, aina ya namba kamili ambayo kwa kawaida huchukua baiti 4. Mstari wa tatu unakipa p anwani ya x.

Kabla ya GCC 8, iliyotoka mwaka 2018, kompaila hiyo ilisema kwa Kiingereza: “assignment from incompatible pointer type”. Kwa Kiswahili, ujumbe huo unasema kwamba kitendo cha kutoa thamani kimetokea kutoka kwenye aina ya kielekezi isiyopatana. Isiyopatana na nini? Ujumbe hausemi. Aina inayotolewa ni ipi? Hausemi. Inayopokea je? Hausemi. Kanuni ya Grice ya kiasi imevunjwa waziwazi, kwa kuwa kompaila ilikuwa ikizijua aina zote mbili wakati inaandika ujumbe. Isingeweza kugundua mgongano bila kuzilinganisha. Ilichokijua ilikificha, naye msomaji akabaki kukitafuta upya katika msimbo wake.

Tangu GCC 8, aina zote mbili hutajwa: ujumbe husema kwamba ‘int *’ imepewa kutoka ‘double *’. Haya ni maendeleo ya kweli, na uhakiki wa haki hauna budi kuyatambua. Msomaji sasa anaona pande mbili za mgongano na mwelekeo wake.

Lakini bado lipo pengo. Ujumbe unamwambia msomaji kwamba aina hazipatani, haumwambii kutopatana huko kutafanya nini. Programu ikikubaliwa na kuombwa kuchapisha kilichoko kwenye anwani iliyomo ndani ya p, itasoma baiti 4 kati ya 8 na kuzifasiri kama namba kamili. Kwenye kompyuta za kawaida za mezani, ambazo huhifadhi baiti ndogo kwanza, baiti 4 za mwanzo za namba 3.5 zote ni sifuri. Matokeo ya kawaida ni 0, ingawa kanuni za C haziahidi hata hilo. Si 3.5, si 3, wala si 4. Mwanafunzi anayedhani kwamba kompyuta itaondoa desimali na kubakiza 3 amekosea, na hakuna neno lolote katika ujumbe la kumzindua.

Neno “isiyopatana” lenyewe linachangia upotovu huo. Katika maisha ya kawaida, vitu visivyopatana huweza kusuluhishwa, na watu wasiopatana huweza kuishi nyumba moja. Neno hilo linaeleza uhusiano wa aina mbili bila kugusa thamani itakayoharibika.

4. Ujumbe wa pili: dawa inayoficha ugonjwa

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Fanksheni tafuta_jina imeandikwa katika faili nyingine, na hurudisha kielekezi cha herufi, yaani anwani ya jina. Mwandishi anaiita katika faili yake bila kuitangaza kwanza:

char *j = tafuta_jina(3);

Kwa kanuni za zamani za C, fanksheni isiyotangazwa ilichukuliwa kuwa inarudisha int. GCC za kabla ya toleo la 14, ziliporuhusu msimbo huu, zilitoa maonyo mawili. La kwanza lilisema kwamba fanksheni imetangazwa kimyakimya. La pili lilisema kwamba kitendo hicho “makes pointer from integer without a cast”, yaani kinatengeneza kielekezi kutokana na namba kamili bila agizo la kubadili aina.

Maneno matatu ya mwisho ya ujumbe huo wa Kiingereza yanastahili kusomwa kwa makini. Kisarufi ni maelezo ya hali: jambo limefanyika bila agizo. Kimawasiliano, hata hivyo, kutaja kinachokosekana ni kudokeza kwamba kiwekwe. Mtu anayeambiwa kwamba amekuja bila barua huelewa kwamba barua ndiyo inayotakiwa. Grice alionesha kwamba msikilizaji huchukulia kila kilichotajwa kuwa kinahusiana na shughuli iliyopo, na msomaji wa onyo hufanya vivyo hivyo. Anaongeza agizo la kubadili aina:

char *j = (char *) tafuta_jina(3);

Onyo la pili linatoweka. Hata hivyo, kwenye kompyuta za biti 64, mahali pake panazuka jingine: kompaila sasa inalalamika kwamba agizo hilo linageuza namba kamili kuwa kielekezi ilhali ukubwa wake ni tofauti. Mwandishi aliyefuata kidokezo cha ujumbe wa awali anakosolewa kwa kukifuata. Huu ni mgongano wa ndani wa matini, na msomaji asiye na uzoefu hana namna ya kuutatua kwa kusoma maneno yaliyo mbele yake tu.

Ugonjwa wenyewe uko kwingine. Katika mifumo ya Linux ya biti 64, int ina baiti 4 na kielekezi kina baiti 8. Kompaila ikiamini kwamba fanksheni inarudisha int, nusu ya juu ya anwani hupotea kabla agizo la kubadili aina halijafanya lolote. Agizo linapokea anwani iliyokwishakatwa. Dawa ya kweli ni kuitangaza fanksheni kabla ya kuiita, na dawa hiyo inadokezwa na onyo la kwanza tu, lile ambalo msomaji hulipuuza kwa kuwa halitaji kielekezi. Katika kompyuta za biti 32, ambamo int na kielekezi vyote vilikuwa na baiti 4, programu hiyohiyo iliweza kufanya kazi miaka mingi bila dalili. Ilipohamishiwa kwenye mashine mpya ikaanza kuanguka, pengine mikononi mwa mtu ambaye hakuiandika.

5. Ujumbe unaofaulu

Isidhaniwe kwamba ufupi wa kiufundi hauna budi kuzaa giza. Kompaila hiyohiyo ina ujumbe mwingine kuhusu vielekezi unaofanya kazi vizuri zaidi. Mwanafunzi anaposahau alama ya anwani katika fanksheni ya kusoma data, akaandika scanf("%d", n) badala ya scanf("%d", &n), GCC, ukaguzi wa miundo ya data ukiwa umewashwa, humwambia kwamba alama ‘%d’ inatarajia hoja ya aina ‘int *’, lakini hoja ya 2 ni ya aina ‘int’.

Ujumbe huu una mtendaji, yaani alama ‘%d’, na una kitenzi hai, “inatarajia”. Una kiunganishi cha kinyume, “lakini”, kinachoweka kilichotarajiwa na kilichopo ana kwa ana. Unataja hoja yenye tatizo kwa namba yake. Msomaji anayelinganisha ‘int *’ na ‘int’ huiona tofauti ya nyota moja, na kutoka hapo si safari ndefu hadi kwenye alama iliyosahauliwa. Kanuni zote nne za Grice zimezingatiwa. Kwa hiyo udhaifu wa ujumbe wa sehemu mbili zilizotangulia haukutokana na ugumu wa mada. Ulitokana na sentensi.

Tofauti kubwa ni ya kisarufi. Ujumbe dhaifu umejengwa juu ya nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi, nao mtendaji amefichwa ndani yake. Ujumbe bora umejengwa juu ya kitenzi chenye mtendaji na mtendwa wake.

6. Muundo wa onyo katika Kiswahili

Wasemaji wa Kiswahili wana desturi ndefu ya kuonya, na desturi hiyo ina umbo. Methali “usipoziba ufa utajenga ukuta” ina vishazi viwili: cha kwanza kinataja upungufu, cha pili kinataja gharama. “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu” ina umbo lilelile. Nguvu ya methali hizi haimo katika kumwambia mtu kwamba kuna ufa, kwa maana ufa anauona. Imo katika kumpa kipimo cha gharama ya kuuacha. Kwa kipimo hicho, ujumbe wa “aina isiyopatana” ni nusu ya methali: umetaja ufa, ukaacha ukuta.

Uchaguzi wa jina la aina hii ya ujumbe nao una uzito. “Onyo” katika matumizi ya sasa limeelemea upande wa nidhamu. Mfanyakazi hupewa barua ya onyo baada ya kukosea, na mchezaji huonywa kwa kadi ya njano. Ni neno linaloangalia nyuma na kumtafuta mwenye hatia. “Tahadhari” huangalia mbele, kwenye hatari inayoweza kuepukwa. Kwa kuwa kompaila haina mamlaka ya kuadhibu, na kwa kuwa lengo lake ni kuzuia hasara, “tahadhari” linafaa zaidi kuandikwa mwanzoni mwa ujumbe. “Kosa” libaki kwa ujumbe unaosimamisha tafsiri.

Upo pia ulinganisho unaomjia kwa urahisi mwalimu wa Kiswahili: aina ya kielekezi ni kama ngeli. Kama vile nomino ya ngeli ya KI-VI inavyotawala viambishi vinavyoifuata, ndivyo aina ya kielekezi inavyotawala namna baiti zinavyosomwa. Ulinganisho huu unasaidia mwanzoni, lakini una hatari inayopaswa kusemwa wazi. Anayesema “kitabu imepotea” amevunja upatanisho wa kisarufi, lakini kitabu kinabaki kuwa kitabu, na msikilizaji hurekebisha sentensi kichwani mwake na kuendelea. Katika maeneo mengi ambamo Kiswahili ni lugha ya pili, upatanisho hulegea na mawasiliano hayavunjiki. Mwanafunzi aliyeizoea hali hiyo anaweza kuliona onyo la aina kama sahihisho la lafudhi. Ndani ya mashine hakuna msikilizaji anayerekebisha. Ukikosea ngeli, kitu kinabaki kilekile. Ukikosea aina ya kielekezi, kinachosomwa ni kitu kingine.

7. Ngeli, nafasi tupu na tafsiri

Ujumbe wa GCC hutafsiriwa kwa mfumo wa gettext. Kila ujumbe ni sentensi yenye nafasi tupu zinazojazwa wakati kompaila inapofanya kazi. Tafsiri zipo katika lugha kadhaa, zikiwamo Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, Kirusi, Kijapani na Kichina. Matokeo katika ukanda huu ni dhahiri. Mwanafunzi wa Bujumbura au Lubumbashi aliyesoma kwa Kifaransa anaweza kuiamuru kompaila imkosoe kwa lugha hiyo. Mwenzake wa Kampala au Dodoma husoma Kiingereza. Lugha ambayo wote wanne wanaweza kuitumia kujadili tatizo pamoja, Kiswahili, haimo katika orodha ya tafsiri za GCC 14.

Kazi ya kuiingiza si ya istilahi pekee. Mfumo wa gettext unajua umoja na wingi, haujui ngeli. Mfasiri akiandika sentensi ambayo nafasi tupu ndiyo kiima, hataweza kujua kiambishi cha kitenzi kiwe kipi, kwa kuwa nafasi hiyohiyo inaweza kujazwa na kitu cha ngeli yoyote. Kuandika viambishi viwili au vitatu vikitenganishwa na mkwaju ni kumwachia msomaji kazi ya mfasiri.

Suluhisho ni la kisarufi. Kila nafasi tupu itanguliwe na nomino ya Kiswahili isiyobadilika, na nomino hiyo ndiyo itawale upatanisho: “aina ‘int’”, “hoja ya 2”, “fanksheni ‘tafuta_jina’”. Kinachojazwa hubaki kuwa jina tu, kisichogusa viambishi.

Kiswahili kinaleta pia manufaa. Kitenzi “-pewa” humfanya mpokeaji kuwa kiima na kumwacha kitolewacho baada ya kitenzi. Katika C, upande wa kushoto wa alama ya usawa ndio unaopokea na wa kulia ndio unaotoa. Sentensi “kielekezi kinapewa anwani” inafuata mpangilio uleule wa msimbo p = &x, kutoka kushoto kwenda kulia. Ujumbe wa mfano wa kwanza unaweza basi kuandikwa hivi:

tahadhari: kielekezi cha aina ‘int *’ kinapewa anwani ya aina ‘double *’
maelezo: aina ‘int’ ina baiti 4, aina ‘double’ ina baiti 8, thamani itakayosomwa kupitia kielekezi hiki huenda isiwe sahihi

Na wa mfano wa pili:

tahadhari: kielekezi cha aina ‘char *’ kinapewa namba kamili ya aina ‘int’
maelezo: fanksheni ‘tafuta_jina’ haijatangazwa, hivyo inachukuliwa kuwa inarudisha ‘int’, itangaze kabla ya kuiita

Mstari wa pili wa kila ujumbe ndio “ukuta” wa methali au njia ya kuuepuka. Si mzigo mpya kwa kompaila, kwa sababu GCC tayari ina utaratibu wa kuongeza maelezo chini ya ujumbe mkuu, na ukubwa wa kila aina inaujua. Lakini ni lazima isemwe kwamba mstari huo hauwezi kuongezwa na mfasiri peke yake. Mfasiri hutafsiri kilichopo. Kuongeza taarifa kunahitaji mabadiliko katika kompaila yenyewe, na kwa hiyo kunahitaji wanaisimu wakae meza moja na waandishi wa programu.

8. Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba wataalamu hawahitaji maelezo marefu. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu maelezo yamewekwa katika mstari wa pili, ambao jicho lililozoea huuruka. Mstari wa kwanza unabaki mfupi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: msaada mwingi wa uandishi wa programu umeandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayesoma ujumbe kwa Kiswahili hataweza kuutafuta. GCC yenyewe inatoa sehemu ya jibu. Karibu kila onyo huishia na jina la chaguo linalolidhibiti, kama vile -Wincompatible-pointer-types, na jina hilo halitafsiriwi katika lugha yoyote. Mwanafunzi anaweza kulitafuta jinsi lilivyo, au kuirudisha kompaila kwenye Kiingereza kwa agizo moja. Kuelewa kwa Kiswahili hakumzuii kutafuta kwa Kiingereza.

9. Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba maonyo ya vielekezi katika C yaliteseka kwa muda mrefu kutokana na sentensi zilizotaja kanuni na kunyamazia hasara. Hatua ya GCC 14 ya kuyageuza kuwa makosa imemaliza swali la utii, haijamaliza swali la uelewa. Mwanafunzi aliyezuiwa bila kuelewa ataongeza agizo la kubadili aina, na agizo hilo linakubalika hata katika GCC 14. Mlango uliofungwa kwa kosa unafunguka kwa mabano mawili.

Kwa vyombo vinavyoshughulikia lugha, vikiwamo BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, funzo linagusa utaratibu wa kazi. Istilahi husanifishwa moja moja, katika orodha. Makala hii inapendekeza kwamba istilahi ya TEHAMA isipitishwe kabla ya kujaribiwa ndani ya sentensi kamili zenye nafasi tupu, ikiwa kiima na ikiwa yambwa, katika umoja na katika wingi, na kabla ya kusomwa na wanafunzi ambao hawakushiriki kuiunda. Neno linalopendeza katika orodha linaweza kuvunjika mara tu kitenzi kinapolifuata. Kundi la maonyo ya vielekezi linafaa kuwa jaribio la kwanza, kwa sababu ni dogo, linajulikana, na kila sentensi yake inaweza kupimwa kwa swali moja: je, aliyeisoma amejua ni kitu gani kitaharibika akiendelea?